Mradi wa utamaduni wa Waajemi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vyanzo na marejeleo

Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari huku pwani. Kila darasa la historia likipewa mradi wa Waajemi, maswali yanayofika mezani kwangu huwa yaleyale, na majibu yangu nayo nimeshayakariri. Nimeyaandika hapa ili atakayekuja kesho asipange foleni.

Nianze kutafuta kwa neno gani?

Kwa maneno kadhaa, si moja. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vinaiita nchi ya Waajemi Persia. Mwezi Machi 1935 serikali ya Reza Shah iliyaomba mataifa ya nje yatumie jina Iran, na tangu hapo habari za siasa zimekuwa chini ya Iran huku mashairi, mazulia na mapishi yakibaki zaidi chini ya Persia. Ukitafuta kwa jina moja tu, nusu ya rafu huioni.

Kwa Kiswahili tunasema Uajemi, kutokana na neno la Kiarabu *ajam*, yaani wasio Waarabu. Hapo pana mtego: ukiandika "Ajami" utaletewa makala kuhusu Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tenzi za Lamu na Pate. Ni habari tamu, ila siyo mradi wako.

Tahajia nazo zinayumba. Sikukuu ya mwaka mpya ni ile ile ikiandikwa Nowruz, Norooz, Nawruz au Nairuzi. Mshairi ni yule yule akiwa Firdausi, Ferdowsi au Firdusi. Jaribu zote.

Mada ni pana mno. Niipunguze vipi?

Chagua kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole: zulia moja, shairi moja, meza ya mwaka mpya. Chukua hiyo meza, ambayo wenyewe wanaiita haft-sin, kwa sababu huwekwa vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi yanaanza na herufi sin: ngano iliyooteshwa, uji mtamu wa ngano, tunda la senjed, kitunguu saumu, tofaa, sumaki ya kupikia (ile viungo ya rangi ya damu ya mzee, si chuma) na siki. Kwa meza hiyo moja utaandika kurasa tano bila kutapatapa. Ukichukua "utamaduni wa Waajemi tangu Koreshi hadi leo" utaandika kurasa tano zisizosema kitu.

Halafu angalia unamsema nani. Ndani ya Iran wamo pia Waazeri, Wakurdi, Walur, Wabaluchi na Waarabu. Na Kiajemi kinasemwa nje ya Iran: Afghanistan wanakiita Dari, Tajikistan wanakiita Kitajiki na kukiandika kwa herufi za Kirusi. Chanzo kinachosema "Wairani" si lazima kiwe kinawasema Waajemi, na kinachosema "Waajemi" si lazima kiishie mpakani mwa Iran.

Wapi nitapata vyanzo vizuri bila kulipa?

Mahali pa kwanza ninapowapeleka watoto ni Encyclopaedia Iranica. Ilianzishwa na Profesa Ehsan Yarshater katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na makala zake zinasomeka bure mtandaoni. Ubora wake ni kwamba kila makala ina jina la aliyeiandika, juzuu, kurasa na orodha ya vitabu alivyovitegemea. Lugha yake ni ngumu kidogo. Soma aya ya kwanza na ya mwisho, kisha rudi katikati ukiwa na kamusi.

Kwa vitu vya kushikika, nenda kwenye majumba ya makumbusho. Metropolitan Museum ya New York na British Museum ya London zimeweka picha na maelezo ya maelfu ya vitu, kila kimoja na namba yake. UNESCO nayo ina kurasa za urithi: Persepolis iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, bustani za Kiajemi 2011, mifereji ya chini kwa chini iitwayo qanat 2016. Nowruz iliingia orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009 kwa maombi ya nchi saba, na mwaka 2016 zikawa kumi na mbili.

Neno moja kuhusu UNESCO. Yale maelezo marefu ya kuomba kitu kiorodheshwe huandikwa na nchi zenyewe. Nchi haiwezi kujisema vibaya kwenye barua yake ya maombi. Yatumie kujua desturi ikoje. Usiyatumie kuthibitisha nani aliianza.

Vitabu vya zamani ambavyo haki miliki yake imekwisha vimepigwa picha na kuwekwa kwenye Internet Archive. Humo utapata tafsiri ya ndugu Warner ya Shahnameh, utenzi wa Firdausi kuhusu wafalme, juzuu tisa zilizotoka kati ya 1905 na 1925. Kiingereza chake ni cha mabibi na mababu, lakini ni bure.

Wikipedia imekatazwa?

Kwenye orodha ya marejeleo, walimu wengi hawaitaki. Kuisoma hujakatazwa na mtu. Ingia, elewa mada, kisha shuka hadi tanbihi za chini na ufuate ulichokiona humo. Ukikuta sentensi nzuri isiyo na tanbihi, iache hapo hapo.

Kuna chochote kwa Kiswahili?

Kipo, ila kwa uchache. Iran ina idhaa yake ya Kiswahili, Redio Tehran, na tovuti ya Pars Today inachapisha makala za Kiswahili, zikiwemo za mashairi na sikukuu. Hicho ni chombo cha serikali ya Iran. Kwa mapishi na desturi za Nowruz hakina shida. Kwa siasa na dini weka kando yake chanzo kingine cha upande tofauti, msomaji wako aone umejua unachokishika.

Kamusi ni chanzo pia, na wanafunzi wengi huisahau. Ile ya Johnson ya 1939 inaonyesha asili ya maneno. Bandari, nahodha, nanga, dirisha, barafu, rangi, pamba: yote yana mizizi ya Kiajemi. Nahodha kwao ni *nakhoda*, bwana wa chombo. Dirisha ni *daricheh*, mlango mdogo. Mtoto mmoja alifanya mradi mzima kwa maneno saba ya baharini, akaenda bandarini kuwauliza manahodha wanayatumiaje. Ulikuwa mradi bora wa mwaka ule. Ila tahadhari: neno kuwa na asili ya Kiajemi si ushahidi kwamba lililetwa na Mwajemi. Mengi yalipitia kwa Waarabu au Wahindi kabla ya kutufikia.

Nataka kuandika kuhusu Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja. Unahesabika kuwa utamaduni wa Waajemi?

Jina na hesabu ya siku, ndiyo. Nairuzi, jina la mwaka huo wa pwani, ni Nowruz. Lakini Nowruz ya Iran iko palepale siku mchana na usiku vinapolingana, tarehe 20 au 21 Machi, na Mwaka Kogwa uko Julai. Sababu ni kwamba mwaka wa Nairuzi wa pwani una siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne unateleza siku moja. Utelezi huo wenyewe ni mada.

Yanayofanyika uwanjani Makunduchi, wanaume kupigana kwa magomba, kibanda cha makuti kuchomwa moto, ni ya Makunduchi. Nilishasoma rasimu iliyosema "Waajemi hupigana kwa magomba kila mwaka mpya." Huko Tehran mgomba wataupata wapi? Mwandishi alikuwa na chanzo kizuri kuhusu Unguja akakibebesha nchi nyingine. Chanzo kinathibitisha kilichosema tu, na mahali kilipopasemea.

Babu yangu ni Mshirazi. Naweza kumweka kama chanzo?

Unaweza, na ningefurahi. Mwombe ruhusa, andika tarehe na mahali, na mwulize naye aliyasikia kwa nani. Ukifuata mtindo wa marejeleo uitwao APA, mahojiano yako binafsi hutajwa ndani ya maandishi tu, kwa mfano: (mahojiano na mwandishi, 4 Juni 2024). Ukifuata MLA, yanaingia pia kwenye orodha ya mwisho. Kama hataki jina lake litajwe, andika "mzee wa miaka 78, Kizimkazi" na yatosha.

Babu ni chanzo cha nini, sasa? Ni chanzo cha namna familia yako inavyojieleza. Kwa swali la nani alitoka wapi karne kumi zilizopita, mweke pamoja na vyanzo vya aina nyingine. Kuna habari za Kilwa zilizohifadhiwa kwa Kiarabu, na toleo la Kireno lililochapishwa na João de Barros mwaka 1552, zinazosimulia wana wa mfalme wa Shiraz waliokuja kwa majahazi. Kuna vigae vya mitungi ya rangi ya feruzi kutoka Ghuba, vilivyofukuliwa Shanga, Manda na Unguja Ukuu. Na kuna utafiti wa vinasaba uliotoka kwenye jarida la Nature mwezi Machi 2023, wa Brielle na wenzake, waliopima mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Waliona kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000, upande wa mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa na upande wa baba ukiwa na asili ya Uajemi kwa wingi.

Hapa ndipo vichwa vya habari vilipowaponza watu. Wengine waliandika kana kwamba Waswahili wamethibitishwa kuwa Waajemi, wengine kinyume chake kabisa. Ukirejelea utafiti huu fungua makala yenyewe, walau muhtasari wake, usirejelee kichwa cha habari kilichopita kwenye simu ya shangazi.

Nimesoma kwamba mfalme Koreshi aliandika tamko la kwanza la haki za binadamu. Nilirejelee wapi?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu ukilifuatilia unafundishika kazi nzima ya vyanzo.

Kitu chenyewe kipo. Ni mche wa udongo wa mviringo, umbo kama la pipa dogo, uliopatikana Babeli mwaka 1879, na uko British Museum kwa namba 90920. Uliandikwa baada ya Koreshi kuiteka Babeli mwaka 539 KK. Sasa fungua tafsiri iliyo kwenye tovuti ya makumbusho hayo, ya Irving Finkel, uisome yote, ni fupi. Utakuta lugha ni Kibabeli, si Kiajemi. Utakuta mungu anayesifiwa ni Marduk wa Babeli. Utakuta mfalme anajisifu kwa kurudisha sanamu za miungu mahekaluni na watu makwao. Hutakuta sentensi ya kufuta utumwa duniani.

Ile sentensi ya utumwa inatoka kwenye tafsiri ya kughushi inayozunguka mtandaoni miaka mingi. Inajulikana kwa urahisi: humo Koreshi anamtaja Ahura Mazda, mungu wa Waajemi wa kale, ambaye kwenye udongo wenyewe hayumo. Watu wakubwa wameinukuu hadharani, kwa hiyo usione aibu kama nawe ilikunasa. Habari ya "haki za binadamu" ilipata nguvu zaidi pale Iran ilipoupa Umoja wa Mataifa nakala ya mche huo mwaka 1971. Basi andika hivyo: kitu kinasema hiki, na karne ya 20 watu walikipa maana ile. Marejeleo mawili, kila moja kwa kazi yake.

Nina nukuu nzuri ya Rumi niliyoipata kwenye picha. Niiweke?

Ina namba ya beti? Jina la mfasiri? Kama haina, iache. Washairi Rumi (1207–1273) na Hafidh wa Shiraz wanasingiziwa maneno kila siku, na mengi yanayozunguka kwa jina la Hafidh yalitungwa na Mmarekani wa zama zetu. Kwa Rumi, tafsiri ya Masnavi ya R. A. Nicholson, iliyotoka kati ya 1925 na 1940, ina kitabu na namba ya beti kwa kila mstari. Haina utamu wa zile za kwenye picha, lakini ukinukuu "Kitabu cha 1, beti ya 1" mwalimu anaweza kuifungua akaiona. Ubeti huo unaanza na filimbi ya mwanzi inayolalamika, na sioni picha ya simu inayoushinda.

Kitabu changu kimeandikwa "1385". Ni cha kale kiasi hicho?

La, ni cha mwaka 2006. Iran hutumia kalenda ya Hijria ya jua, inayoanza siku ya Nowruz. Ongeza 621 upate mwaka wa kawaida, au 622 kama kitabu kilitoka kati ya Januari na Machi.

Kuna na Hijria ya mwezi, hii tunayoijua sote, ambayo hesabu yake ni nyingine. Chukua zulia la Ardabil, lililoko jumba la Victoria and Albert, London. Pembeni limefumwa ubeti wa Hafidh, jina la Maqsud Kashani, na mwaka 946. Ukiongeza 621 utapata 1567, na utakuwa umekosea kwa karibu miaka thelathini. Kwa mwaka wa mwezi zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: inatoka 1539 na kitu, ndiyo maana vitabu huandika 1539–40. Jaribu na maandishi ya mihrabu ya Kizimkazi, mwaka 500. Utapata 1107. (Na maandishi hayo ni Kiarabu kwa hati ya Kikufi, usiandike kwamba ni Kiajemi.)

Ukikutana na kitabu cha mwaka 2535, usidhani umetumiwa kutoka siku zijazo. Kati ya 1976 na 1978 serikali ya Shah ilihesabu miaka tangu enzi za Koreshi. 2535 ni 1976.

Kwenye orodha yako andika mwaka uliomo kitabuni, kisha wa kawaida kwenye mabano ya mraba: 1385 [2006].

Marejeleo yenyewe yanaandikwaje?

Uliza kwanza shule inataka mtindo gani, kisha shika huo huo mwanzo hadi mwisho. Kinachonikera mezani si nukta iliyokosekana. Ni orodha yenye mitindo mitatu.

Kwa APA, kitabu kilichotafsiriwa kinakaa hivi: Ferdowsi, A. (2006). *Shahnameh: The Persian Book of Kings* (D. Davis, mfasiri). Viking. Mwandishi ni Ferdowsi, si Davis, lakini Davis lazima aonekane, kwa sababu maneno uliyoyasoma ni yake. Tahajia ya jina iache kama ilivyo kwenye jalada, hata kama ndani ya insha unaandika Firdausi. Ndani ya maandishi: (Ferdowsi, 1010/2006, uk. 12), na mwishoni mwa ingizo taja kwamba kazi ya asili ilikamilika mwaka 1010.

Kwa kitu cha makumbusho taja aliyekitengeneza kama anajulikana, jina la kitu, karne au mwaka, jumba, mji, na namba. Namba ndiyo anwani. Bila namba umemwambia msomaji "nyumba yangu iko Mombasa".

Kwa tovuti: mwandishi, tarehe, kichwa cha makala, jina la tovuti, kiungo. Kama hakuna tarehe, andika "bila tarehe" na siku uliyoifungua.

Mwalimu amesema nimtaje Herodotus, nami nimemsoma kwenye kitabu cha darasani tu.

Basi andika ukweli huo: Herodotus, kama alivyonukuliwa katika kitabu fulani, ukurasa fulani. Usimwandike kana kwamba umemfungua.

Na ukimtumia, kumbuka alikuwa Mgiriki wa karne ya 5 KK, akisimulia vita ambavyo upande wake ulishinda. Ni kama kumjua Simba kwa kumsikiliza shabiki wa Yanga. Waajemi waliacha maneno yao wenyewe: mfalme Dario alichonga habari zake kwa lugha tatu kwenye mwamba wa Behistun, na mwaka 1933 yalifukuliwa Persepolis maelfu ya vibao vya udongo vya hesabu za posho, vingi kwa Kielami. Humo utakuta nafaka na mvinyo walivyogawiwa wafanyakazi, wanawake wakiwemo. Kibao kimoja cha posho kitakuambia mambo ya Persepolis ambayo filamu zote za vita hazina.

Naweza kutafsiri nukuu mwenyewe kutoka Kiingereza?

Ndiyo. Weka mabano baada yake: tafsiri yangu. Maana yako ikipinda, lawama iwe juu yako, si juu ya mwandishi.

Picha je?

Picha za Metropolitan Museum zenye alama ya matumizi huria ni ruhusa kwa lolote, tangu 2017. Hata hivyo zitaje. "Google" si chanzo cha picha. Google ni barabara uliyopitia.

Programu ya akili mnemba imenipa orodha ya vitabu kumi. Nitumie?

Kitafute kila kimoja kwenye katalogi ya maktaba. Mwaka jana niliketi na mwanafunzi tukazitafuta rejea nane alizopewa. Tatu zilikuwepo. Mbili zilikuwa na waandishi wa kweli na vitabu ambavyo hawakuviandika. Tatu hazikuwepo kokote, na moja kati ya hizo ilikuwa na kichwa kizuri hadi nikatamani kuisoma.

Vyanzo vingapi vinatosha?

Vile vilivyoandikwa kwenye karatasi ya mwalimu. Kama hakusema, vitano ulivyovifungua kweli.

Nimeshaandika kazi yote, na sikuweka kumbukumbu ya nilikotoa. Nifanyeje?

Fungua historia ya kivinjari kabla hujaifuta. Nakili sentensi yenye takwimu au tarehe, itafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu, utaona ilikotoka. Zile usizozipata zifute, hata kama ni nzuri. Kisha njoo mezani na ulizonazo. Nafunga saa kumi na nusu, Ijumaa saa sita.